Kuibiwa Hakufuti Deni



Kuna hadithi moja inayozunguka miongoni mwenu ambayo tunaona ni wajibu wetu kuipinga. Inapita katika vikundi vya simu, inarudiwa na wale wanaojiita walimu wa biashara ya mtandaoni, nayo husema hivi: hapo mwanzo wa sarafu ya Bitcoin, vijana wachache wasiokuwa na kitu ila kompyuta na ujasiri walifungua huduma ndogo za kuibadilisha sarafu hiyo na kuitumia, hawakuomba ruhusa, hawakungojea benki, nao wakatajirika, basi nanyi fanyeni vivyo hivyo. Wasimulizi huishia hapo. Hawasemi huduma hizo ziliishaje, wala ni mali ya nani iliyopotea. Na mmoja wenu akiuliza, jibu huwa jepesi: waliibiwa, ilikuwa bahati mbaya, kila mwanzo una hasara zake.

Sisi tunasema kinyume. Aliyekubali kushika mali ya mwenzake anadaiwa mali hiyo hata akiibiwa. Wengi wa watu wale hawakuwa wezi. Walikuwa werevu na wenye bidii, na baadhi yao walikuwa wakarimu. Lakini walikubali kutunza mali ya watu kabla ya kujifunza namna ya kuitunza, na kosa hilo hilo tunaliona likichipuka kwetu leo, katika miji ambayo kijana mwenye simu mbili anaweza kugeuka benki ya mtaa mzima katika muda wa mwezi mmoja.

Tuanze na historia yenyewe, maana wanaowapotosha wanategemea ninyi msiijue.

Bitcoin ilianza kufanya kazi tarehe 3 Januari 2009. Miezi michache kabla yake, mnamo Oktoba 2008, mtu au kundi lililojiita Satoshi Nakamoto lilikuwa limetoa maandishi ya kueleza nia yake: watu wawili waweze kulipana kwa njia ya intaneti bila mtu wa tatu wa kuaminiwa katikati yao. Kila malipo huandikwa katika daftari moja, ambalo nakala zake zimo katika kompyuta nyingi duniani. Mwenye sarafu huimiliki kwa ufunguo wa siri, yaani namba ndefu ambayo yeye peke yake anapaswa kuwa nayo. Akiupoteza ufunguo, amepoteza sarafu. Akiibiwa ufunguo, ameibiwa sarafu, kwa maana malipo yaliyokwisha kuandikwa katika daftari hilo hakuna ofisi ya kuyarudisha.

Lakini sarafu isiyoweza kununua chumvi ni namba tupu. Ilibidi wapatikane watu wa kuibadilisha kwa fedha za kawaida na kwa vitu. Tarehe 5 Oktoba 2009, huduma iliyoitwa New Liberty Standard ilitangaza bei: dola 1 kwa bitcoin 1,309.03, hesabu iliyotokana na gharama ya umeme wa kuzitengeneza. Wiki moja baadaye Martti Malmi, kijana wa Ufini, aliiuzia huduma hiyo bitcoin 5,050 akapata dola 5 na senti 2. Machi 2010 likafunguliwa soko dogo lililoitwa Bitcoin Market. Tarehe 22 Mei mwaka huohuo, Laszlo Hanyecz wa Florida, nchini Marekani, alitoa bitcoin 10,000 apate piza mbili. Wenye piza hawakuzijua sarafu zake. Kijana mmoja wa California ndiye aliyelipa piza hizo kwa fedha za kawaida, kisha akazipokea sarafu. Mwezi Juni, Gavin Andresen alifungua huduma iliyomgawia kila aliyefika bitcoin 5 bure, ili watu wajifunze kuzitumia. Mwaka 2011 wafugaji wa Massachusetts walikuwa wakiuza soksi za sufu ya alpaka na kupokea bitcoin.

Tazameni vizuri kilichotokea. Sarafu iliyobuniwa ili kumwondoa mtu wa kati ilimhitaji mtu wa kati kwenye kila mlango wa kuingilia na wa kutokea. Waliokuwa wakihubiri kwamba tusimwamini mwanadamu bali tuiamini hesabu, wao wenyewe walipeleka dola zao na funguo zao kwa mwanadamu ambaye mara nyingi hawakuwahi kumwona uso. Daftari lenyewe la Bitcoin, pamoja na dosari za mwanzo zilizorekebishwa, limesimama hadi leo. Zilizoanguka ni nyumba zilizojengwa mlangoni pake.

Kazi ya mlangoni ilikuwa na hatari yake tangu mwanzo. Katika Bitcoin Market, mnunuzi alilipa dola kupitia PayPal, akapokea bitcoin, kisha walaghai miongoni mwao wakaenda kulalamika PayPal ili dola zirudishwe. Dola zilirudi, bitcoin hazikurudi. Muuzaji akabaki mikono mitupu, na Juni 2011 soko hilo likaacha kupokea PayPal. Hakuna aliyevunja hesabu yoyote hapo. Mtu alisimama kati ya malipo yanayoweza kurudishwa na malipo yasiyorudishwa, na aliyesimama mahali hapo ndiye aliyebeba hasara. Mwenye kibanda cha fedha za simu aliyewahi kutoa noti mkononi kwa kuonyeshwa ujumbe wa uongo anaelewa jambo hili kuliko mwalimu yeyote wa mtandaoni.

Sasa tuzijibu nyudhuru zao, mmoja baada ya mwingine.

Udhuru wa kwanza: walikuwa waanzilishi, hakuna aliyejua namna ya kutunza. Si kweli. Julai 2011, soko la Poland lililoitwa Bitomat, mojawapo ya makubwa ya wakati ule, lilipoteza bitcoin 17,000 za wateja wake bila mwizi yeyote kuingia. Mwenye huduma alikuwa amekodi kompyuta ya mbali ambayo haikupangwa kuhifadhi vitu vyake ikizimwa. Ilipoanzishwa upya, vilivyokuwa ndani vikafutika, pamoja na funguo za sarafu zote, wala hapakuwa na nakala mahali pengine. Septemba 2012, Bitfloor ya New York iliibiwa bitcoin zipatazo 24,000. Yenyewe nakala ilikuwapo, ila haikufungwa kwa siri yoyote, na mwizi aliyeifikia alikuwa amefikia kila kitu.

Je, kuweka nakala ya pili katika nyumba nyingine, na kuitia kufuli, ni elimu iliyongojea karne hii? Waulizeni mama zenu. Katika vikundi vya akiba vinavyoitwa AVEC, sanduku la fedha huwa na kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu wa nyumba tatu. Sanduku halifunguki mpaka wote watatu wamefika, na hesabu husomwa kwa sauti mbele ya wanachama. Katika likelemba kila mmoja anajua zamu ya nani imefika na nani hajatoa. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Waanzilishi wale hawakukosa elimu ya kompyuta. Walidharau elimu ambayo ilikuwa mikononi mwa wanawake wa sokoni, kwa kudhani kwamba chombo kipya kimeifuta.

Udhuru wa pili: hawakuiba, waliibiwa. Udhuru huu ndio unaopendwa kuliko wote, kwa hiyo tuupime kwa tukio moja. Mwanzoni mwa Machi 2012, mwizi aliingia katika kampuni ya Linode, iliyokuwa ikikodisha kompyuta za mbali, akawafikia wateja kadhaa waliokuwa na bitcoin ndani yake. Mlango ulikuwa mmoja na mwizi alikuwa mmoja, lakini hasara hazikufanana.

Huduma ya Bitcoinica ilipoteza zaidi ya bitcoin 43,000. Huduma ya uchimbaji wa pamoja iliyoendeshwa na Marek Palatinus wa Jamhuri ya Cheki, anayejulikana kwa jina la Slush, ilipoteza zaidi ya 3,000. Huduma ya ugawaji ya Gavin Andresen ilipoteza 5. Andresen hakuwa na mlinzi bora kuliko wenzake. Katika kompyuta ile mlikuwa na kiasi kidogo tu cha kugawa, kwa hiyo hapakuwa na kingi cha kuchukua. Naye Slush, alipokwisha kuibiwa, aliwalipa wanachama wake kutoka mfukoni mwake, akaendelea na kazi. Hakuandika barua ya kuomba huruma.

Bitcoinica nayo iliahidi kwamba wateja hawatadhurika. Huduma hiyo ilikuwa imeanzishwa Septemba 2011 na Zhou Tong, kijana aliyekuwa akiishi Singapore, mwenye umri wa miaka 17. Tunataja umri wake kwa sababu ndio umri wa wengi wenu, na kwa sababu kipaji chake hakina shaka: peke yake alijenga katika muda mfupi jambo ambalo kampuni nzima zilishindwa kulijenga. Lakini nyumba ilikua haraka kuliko kuta zake. Mwezi Mei ikaibiwa tena, bitcoin zaidi ya 18,000, wakati uendeshaji ulikuwa umekwisha kupita mikononi mwa watu wengine. Mwezi Julai, kiasi cha bitcoin 40,000 nacho kikachukuliwa. Wateja wakaishia mahakamani. Wizi wa kwanza ungeweza kuitwa msiba. Wa tatu tunauita uzembe, na mzembe aliyeshika mali ya watu hana haki ya kujihesabu pamoja na walioibiwa.

Katika katekesi tulifundishwa amri ya saba, na wengi wetu tulidhani inamhusu yule anyooshaye mkono gizani. Inamhusu pia aliyeacha mlango wazi katika nyumba yenye vitu vya jirani. Jirani hakuleta vitu vyake ili ashiriki bahati ya mwenye nyumba. Alivileta kwa sababu aliambiwa vitakuwa salama.

Udhuru wa tatu: wateja walijua hatari yake. Yawezekana walijua hatari ya bei kupanda na kushuka. Lakini mtu hawezi kukubali hatari aliyofichwa. Katikati ya mwaka 2011, huduma ya MyBitcoin, iliyowatunzia watu sarafu zao, ilitoweka ghafula. Mwendeshaji wake alijulikana kwa jina ambalo hakuna aliyeweza kulithibitisha. Aliporudi alisema wameibiwa, akatoa senti 49 kwa kila 100 alizodaiwa, kisha hakuonekana tena. Wateja wake hawakuwahi kujua kama aliibiwa kweli au aliiba. Mtu asiye na jina hana aibu ya kulinda.

Huko Texas, Trendon Shavers aliwaahidi watu faida ya hadi asilimia 7 kwa wiki kwa bitcoin watakazomkabidhi. Fikirini hesabu hiyo: kwa asilimia 7 kwa wiki, ikijumlishwa juu ya yenyewe, bitcoin 100 zinapaswa kuwa zaidi ya 3,000 kabla ya mwaka kwisha. Hakuna biashara ya halali duniani inayozaa hivyo. Aliwalipa wa kwanza kwa mali ya wa pili, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo. Wazee wetu wa Kinshasa hawakuhitaji bitcoin kuijua mbinu hii: mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliiona katika michezo ya fedha kama Bindo, na familia nyingi ziliuza vyombo vya nyumbani ili kuingia.

Lakini mfano mkubwa kuliko yote ni Mt. Gox. Jina hilo lilitokana na mpango wa kubadilishana karata za mchezo. Jed McCaleb alilitumia tena Julai 2010 kufungua soko la bitcoin. Machi 2011 aliliuza kwa Mark Karpelès, Mfaransa aliyeishi Tokyo. Miezi mitatu baadaye mwizi aliingia, na kwa muda bei katika soko hilo ikaanguka hadi senti 1. Hilo lingetosha kuwa onyo. Badala yake soko likaendelea kukua mpaka, mwaka 2013, sehemu kubwa ya biashara yote ya bitcoin duniani ilipitia hapo. Februari 2014 likasimamisha utoaji wa bitcoin, likisema ni tatizo la kiufundi katika sarafu yenyewe. Tarehe 28 mwezi huo likatangaza kufilisika: bitcoin 850,000 hazikuonekana, 750,000 kati yake zikiwa za wateja. Wiki chache baadaye 200,000 zikapatikana katika pochi ya zamani iliyokuwa imesahauliwa.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho. Mtu aliyeshika akiba ya maelfu ya familia alikuwa na sarafu 200,000 asizojua zilipo. Wachunguzi walionyesha baadaye kwamba sarafu zilikuwa zikitoka tangu mwaka 2011. Kwa zaidi ya miaka miwili nyumba ile ilikuwa inadaiwa kuliko ilicho nacho, na kila asubuhi ilipokea wateja wapya. Mwaka 2019 mahakama ya Tokyo ilimwona Karpelès na hatia ya kughushi kumbukumbu za hesabu, ikampa kifungo cha nje. Katika shtaka la kujitwalia fedha haikumwona na hatia. Basi huyu hapa, kwa neno la mahakama, mtu ambaye hakujitwalia. Na wateja wake walingoja hadi Julai 2024 ndipo walipoanza kurudishiwa sehemu ya sarafu zao. Miaka kumi. Mtoto aliyezaliwa wakati soko lile linafungwa alikuwa amekwisha kuanza kusoma na kuandika.

Udhuru wa nne una ukweli ndani yake, nasi hatutauficha: benki na sheria ziliwabana. Ni kweli. Bitfloor ilijitahidi kurudi baada ya kuibiwa, lakini Aprili 2013 benki ilifunga akaunti yake, na huduma ikaisha. Benki mara nyingi humfukuza mdogo bila kumweleza sababu, na katika nchi yetu mnajua wenyewe ni wangapi hawajawahi kuingia katika benki. Lakini angalieni kilichofanywa na TradeHill, soko lililofunguliwa mwaka 2011. Februari 2012, lilipobanwa na sheria na kupoteza fedha katika ugomvi wa malipo, lilifunga milango na kuwarudishia wateja mali yao. Lilishindwa biashara, halikushindwa uaminifu. Mnaweza kushindwa namna hiyo na bado mkatembea mtaani mchana.

Na wale waliokataa kuuliza mali inatoka wapi na inakwenda wapi, nao walipata walilopata. Charlie Shrem, aliyeianzisha huduma ya BitInstant huko New York akiwa kijana, alihukumiwa miaka miwili gerezani mwaka 2014 kwa kusaidia kupitisha fedha za wanunuzi wa Silk Road, soko lililouza dawa za kulevya. Kusema kwamba mimi ni mlango tu, watu hupita, hakukumsaidia.

Mtatuuliza: haya ya Tokyo na New York yanatuhusu nini sisi wa Kivu, wa Katanga, wa Ituri? Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, sarafu hizi hazipo mbali. Tangu mwaka 2020, Mbuga ya Virunga imekuwa ikitumia sehemu ya umeme wa maji kule Luviro kuchimba bitcoin, katika makasha ya chuma yaliyojaa kompyuta. Pili, na hili ndilo linalotulazimisha kuandika, mazingira yaliyowazaa watu wa kati wa mwaka 2011 ndiyo yanayowazaa kwetu leo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 benki za Goma zilifunga milango, kisha za Bukavu. Mshahara, fedha za shule za watoto, msaada wa ndugu aliye ng'ambo, vyote vikalazimika kupita katika simu na mikononi mwa yule anayeketi chini ya mwavuli kando ya njia. Wengine wameongeza huduma: wanapokea dola na kutoa sarafu za mtandaoni, au wanazipokea sarafu na kutoa faranga. Hatuwalaumu kwa hilo. Palipo na shida, mwenye kuisaidia jamii anastahili mshahara wake.

Tunachokataa ni kuwaambia vijana hawa kwamba werevu unatosha. Mama anayewaachia dola 40 si mwekezaji. Hajui neno ufunguo wa siri, wala hapaswi kulijua. Anawajua ninyi, anaijua nyumba yenu, amewaona mkihudumu altareni. Hiyo ndiyo dhamana yake yote. Mkiipoteza fedha yake na kusema mliibiwa, mtakuwa mmetumia jina la wazazi wenu na la parokia yenu kulipia uzembe wenu.

Kwa hiyo, yeyote kati yenu anayetaka kufanya kazi ya mlangoni, iwe ya fedha za simu, ya kubadilisha dola au ya sarafu za mtandaoni, tunamdai mambo matano kabla hajapokea faranga ya kwanza.

Jina lake lijulikane, pamoja na mahali anapopatikana, ili anayedai ajue pa kubisha hodi.

Mali yake na mali ya watu visichanganyike, hata kwa siku moja, hata kwa nia ya kurudisha jioni.

Hesabu ifanywe kila siku kabla ya kulala, kwa maandishi, na mtu wa pili aione. Kama Mt. Gox ingelinganisha kila jioni alichodaiwa na alicho nacho, wizi wa mwaka 2011 ungejulikana mwaka 2011.

Ashike mkononi kile tu kinachohitajika kwa kazi ya siku, na kingine kikae chini ya funguo zaidi ya moja, kwa mfano wa sanduku la AVEC. Kile ambacho hawezi kukilipa kutoka mfukoni mwake kikipotea, asikipokee. Kanuni hii itawafanya wengi wenu mwendelee kuwa wadogo kwa muda mrefu, na walimu wa mtandaoni watawacheka. Waacheni wacheke.

Na siku hasara ikitokea, aseme siku hiyohiyo, kwa kiasi kamili, kwa wote wanaodai. Asipokee mteja mwingine hata mmoja kabla hajasema.

Wapo watakaotujibu kwamba kwa masharti haya hakuna kijana maskini atakayeweza kuanza. Tunajibu kwamba masikini ndiye anayelindwa na masharti haya, maana ndiye aliyeko upande wa pili wa meza. Tajiri akipoteza dola 40 anakasirika. Mama yule akizipoteza, mtoto anakaa nyumbani muhula mzima. Wala si kweli kwamba haiwezekani kuanza. Andresen alianza kwa kugawa kidogo kidogo. Slush alianza na kikundi kidogo, akakikuza, akaibiwa, akalipa, akabaki. Hao ndio mngesimuliwa habari zao, lakini hazina kelele.

Tunawaomba jambo moja la kufanya, lisilongojea mtu kufungua huduma yoyote. Katika kila kikundi chenu kuna anayeshika michango: ya safari ya hija, ya sare za kwaya, ya kumzika mwenzenu. Katika mkutano ujao, mwombeni alete daftari na fedha, vyote viwili, na vihesabiwe mezani mbele ya wote. Asione ni matusi, wala ninyi msifanye kwa kumshuku. Hesabu zikilingana, mshukuruni. Zisipolingana, kaeni naye mpaka mjue ni kiasi gani kimepungua, tangu lini, na atakilipaje. Kisha chagueni mtu wa pili wa kushika ufunguo.